Gari ya Salomon Isizimwe

Gari ikizimwa inanyamaza. Hiyo hata kuku wa Kasongo wanajua. Lakini jeep ya Salomon, siku aliporudi nayo kutoka Kabambare, alikata kontakti kwa ufunguo, akashuka, akafunga mulango, na yenyewe ikaendelea: shiiii. Kama mutu anavuta hewa kwa meno, amekasirika na hataki kusema.

Mimi nilicheka mpaka kitenge kikaniregea. "Salomon, baba, gari yako inakutukana."

"Ni moto tu, shangazi. Barabara ni mubaya, moteri imechemuka."

Bibi yake, Chimène, hakucheka. Alikuwa amekaa kivulini, mimba ya miezi minane mbele yake kama mutungi. Hawa wawili walisha kuzika watoto wawili, wote kabla ya kupewa jina. Huyu wa tatu, avenue yetu nzima, majirani wote, ilikuwa inamuombea, hata sisi wenye hatupatanake na Chimène.

Akanivuta karibu. "Shangazi, ile sauti ikianza, mutoto anaacha kucheza. Ikikatika, anaanza tena."

"Ni wewe unasikiliza sana."

Lakini kesho yake nikaweka mukono wangu mwenyewe kwenye lile tumbo. Salomon akazima gari. Shiiii. Mutoto mwenye alikuwa anapiga mateke kama mbuzi, akatulia jiwe. Sauti ikakata. Teke.

Akaitwa fundi Célestin. Huyu anajua magari kuliko anavyojua watoto wake, na ni watoto wenyewe wanasema. Akakaza mipira yote yenye kupitisha mayi. Akabadirisha bushoni, kile kifuniko cha radiateri. Akalaza karatasi chini ya moteri, aone kama kuna tone linaangukia chuma cha moto: karatasi ikabaki kavu. Siku ya tatu akaweka kidole ndani ya radiateri ya gari yenye ilitoka kutembea saa nzima, akakitosha mbio. Tukafikiri ameungua.

"Iko baridi," akasema chini. "Na hii harufu gani? Samaki?"

Ilikuwa harufu ya matope ya mutoni. Na ile sauti sasa ilikuwa inadumu mpaka bugali inaiva.

"Hii mayi ulichota wapi?" akamuuliza Salomon.

Salomon akaangalia miguu yake. Radiateri ilimukaukia mbele ya Lusangi, kwenye kijito kimoja chenye watu wa pale wanakunywaka kwa mukono tu, mutu amepiga magoti. Mayi yake haitiwi ndani ya chombo, haibebwi. Salomon alijua. Alikuwa na haraka, akatumbukiza bidoni, dumu lake la plastiki.

Mama Fatuma, mwenye anasomeaka dua watu wenye kupandwa na majini pale kwetu, alitusikiliza bila kutoka kwenye mukeka.

"Huyo anakaa kwenye mayi yenye kutembea," akasema. "Moteri ikifanya kazi, mayi inazunguka, anafikiri iko kwake. Mukizima, mayi inasimama, anatafuta nyingine yenye uhai. Na nani hapa iko na mayi tumboni?"

Wote tukageukia tumbo la Chimène.

"Muwashe, musizime tena. Mufike kule, bibi apige magoti aombe musamaha, mumufungulie huyo pale pale. Si ndani ya chombo, munasikia? Chombo njo kilimukasirisha."

Tukaenda wane, Salomon, Célestin, Chimène na mimi, kucha kutwa moteri inanguruma, hata wakati wa kula, hata wakati wa kujisaidia, mutu mumoja mukono kwenye usukani kama vile anashika mugonjwa, mpaka karibu ya Lusangi, kwenye daraja la miti, tukakuta miti yote imebebwa na mvura na vijana wanakata mingine, na Célestin akainamia mushale wa mazutu, ile dizeli yetu: ulikuwa karibu kugusa sufuri.

Pikipiki za kutoka Salamabila zikawa zinapita kwa kubebwa begani. Niliomba kila mumoja.

"Mazutu, mama? Huku ni inchi ya pikipiki. Tuko na esanse tu."

"Moteri ya mazutu, ukiitilia petroli inakufa palepale," Célestin akaninong'oneza.

Basi tukamushusha Chimène, atembee mbali na gari, mbali yenye anaweza, na alifanya hatua kumi, kumi na mbili, kisha tumbo likakaza kama ngoma, akaanguka magoti kwenye matope, na tulipomuinua ili tumubebe akalia kwamba tunamupasua, akanyamaza tu tulipomurudisha, na nyuma yetu moteri ikakohoa, ikashika, ikakohoa tena, na Salomon akawa anaipapasa kama farasi, anaiita mama, anaiita mutoto wangu, mpaka ikakata.

Kimya.

Tukangoja ile shiiii. Haikukuja. Vijana waliacha mapanga hewani.

Salomon akaanza kucheka, machozi yanamushuka, na mimi nikacheka, kicheko cha kusikika mpaka Kabambare. Célestin akafungua radiateri, akaingiza kijiti mpaka chini. Kikatoka kikavu.

"Amekwenda," Salomon akasema.

"Shangazi," Chimène akaniita. "Kuja usikilize."

Nikaweka sikio kwenye tumbo. Ilikuwa mule ndani, shiiii, pole pole, kama mutu amefika kwake na amevua viatu. Nikaweka mukono upande huu, nikaweka upande ule. Jua liliingia mwituni, vijana wakarudi kwao, na mimi nilikuwa ningali natafuta teke.