Beseni la Uso

Barafu ilibaki moja pale stendi ya Tabora, na mikono miwili ikaishika. Mmoja wa Nurdini, muuza juisi ya miwa, kofia kaiweka upande. Mwingine wa Mwamvita, mwanafunzi wa chuo, dera la zambarau, hina mpaka kwenye kucha.

"Dada, mie ya biashara."

"Mie ya uso."

"Uso huo? Mbona umeshapoa."

Mwamvita akacheka. Wakaigawana, na namba za simu juu yake.

Alichomficha Nurdini ni kwamba yuko kwenye tiba ya kumudu hisia pale chuoni, DBT wanaiita. Wimbi likimpanda, badala ya kujiumiza kama zamani, anazamisha uso kwenye maji baridi mpaka moyo utulie.

Likampanda mtaani Cheyo, harusini kwa dada yake Nurdini, alikopelekwa kutambulishwa. Nyumba imefurika. Shangazi yao Tunu akauliza mbele ya wapishi wote, "Mwembamba hivi, atatuzalia kweli huyu?" Mwamvita akaliona beseni, akazamisha uso. Kumbe ndimo ulimorowekwa mchele wa pilau. Akainuka na punje kwenye nyusi, wanja ukimchuruzika.

"Ana pepo," mtu akasema. Jiko zima likacheka, na ndani ya kicheko akaisikia sauti ya Nurdini.

Akatokea mlango wa nyuma, akazima simu. Pilau halijaiva, Cheyo nzima inajua. Wengine wakaongeza kwamba alibweka.

Kwenye tiba, mshauri wao Mektilda akamuuliza, "Ulimkosea nani?"

"Niliwaharibia mchele."

"Basi omba radhi ya mchele. Aibu inakwambia ujifiche. Fanya kinyume, rudi kulekule."

Akawasha simu, akampigia.

"Ulinicheka, Nurdini."

"Nilicheka, mpenzi. Niliogopa wasinigeukie mimi. Tangu siku ile naona haya hata kuja chuoni."

Mwamvita akamweleza yote, mpaka makovu ya mkononi.

"Nije nikuchukue?"

"Nitakuja mwenyewe. Wewe kaa jikoni."

Ijumaa palikuwa na maulidi nyumba ileile, wapishi walewale. Mwamvita akaingia na dera lilelile.

"Shikamooni. Nilichafua mchele wenu, naomba radhi. Sina pepo. Najitibu."

Miiko ikasimama. Nurdini akainuka kwenye vitunguu, macho mekundu. "Na mimi nilimcheka mwanamke ninayetaka kumuoa. Mbele yenu."

Shangazi Tunu akawatazama wote wawili. Akavuta beseni tupu, akachota maji ya mtungini, akalisogeza mbele ya Mwamvita.

"Hili la uso," akasema. "Lile la mchele. Sasa kaa umenye vitunguu, mwembamba."