Kitasa cha Mlango wa Nyuma

Mkewe alipomwambia chakula kiko mezani, Daktari Koleo alijibu kama alivyojibu kila jioni.

"Nakuja. Nakaza skrubu moja tu."

Mkewe akaguna. Skrubu moja ya mume wake aliijua vizuri. Ilikuwa na watoto na wajukuu.

Jua lilikuwa linazama. Koleo akachukua bisibisi na kitasa alichokipiga msasa wiki nzima, akavuka ua kwenda gereji.

Jina hilo hakujipa mwenyewe, tusimwonee. Alikuwa daktari wa meno, na nusu ya mtaa ilikwisha kuachama mdomo mbele yake. Mchana aling'oa magego ya watu, jioni aling'oa bolti za magari ya kale. Nguo zake zilinuka mafuta ya karafuu, yale anayowapaka wagonjwa kwenye fizi, na harufu hiyo haikumtoka hata ajisugue vipi. Kitinda mimba wake alipokuwa mdogo alizoea kusema akiwa bado kitandani, "Baba karudi, nimemnusa."

Kitinda mimba huyo sasa alikuwa anaolewa Jumamosi. Baba yake alimwahidi kwamba hatakwenda ukumbini kwa gari la kukodi kama watu wasio na baba. Atakwenda kwa gari alilolifufua yeye kwa mikono yake.

Lilikuwa gari jeusi, refu, la enzi zile wakubwa hawakutaka dereva asikie mazungumzo yao. Kati ya kiti cha mbele na cha nyuma palikuwa na kioo kizima kilichowatenga. Koleo alilikuta kwa mjane wa mwoka mikate, kuku wametagia ndani. Akaondoa kutu, akalipiga rangi, akashona viti upya, akakaza kile kioo kwa skrubu kutoka upande wa dereva. Milango akaivalisha mipira mipya, mpaka ukiifunga husikii hata jogoo wa jirani. Wenye ugonjwa huu wa magari ya kale wana amri moja tu: kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani. Ukiwawekea skrubu isiyo ya enzi zile, hawalali.

Ndiyo maana kile kizibo kilimkera.

Mlango wa nyuma wa kushoto, kwa ndani, pale panapokaa kitasa, mtu alikuwa amepigilia kipande cha mti. Kilikuwa cheusi, kimezungushiwa nywele. Nywele za mtu. Mjane alimsihi asikiguse.

"Lipake rangi, baba, lipambe utakavyo. Hicho kiache."

"Nani alikiweka, mama?"

"Mume wangu. Jioni moja aliingia humo kufuta viti, akajifungia. Nilipomfungulia akatoka kimya, akakata kitasa, akapigilia hicho." Mjane akashusha sauti. "Alikuwa mwoka mikate. Nguo zake zilinuka mkate wa moto. Tangu jioni ile hazikunuka kitu. Mpaka namzika, baba… hakunuka kitu."

Koleo aliitikia kwa heshima zote, na moyoni akasema uzee unamchezea mama wa watu. Sikio la kufa halisikii dawa. Alipofika nyumbani alikiwekea kizibo koleo la magego, akakizungusha kidogo, akakivuta. Kilitoka kwa mlio wa jino lenye mizizi mirefu. Akakitupa pamoja na matambara ya grisi.

Jioni hii sasa aliingia kiti cha nyuma, akafunga kitasa mahali pake, akakikaza. Kilikaa vizuri mno hata akakipiga busu. Lakini kitasa hujaribiwa mlango ukiwa umefungwa. Akauvuta.

Kak.

Akazungusha kitasa. Kikazunguka bure, hakikushika kitu. Akazungusha upande wa pili. Vilevile. Akausukuma mlango kwa bega. Haukutikisika.

"Ala!" akasema, akajicheka.

Akasogea kwenye mlango wa kulia, na hapo akakumbuka kwamba kitasa chake kilikuwa mezani, nje, kinangoja kung'arishwa. Alikiona kupitia dirishani. Vishikio vya kushushia vioo navyo vilikuwa palepale mezani. Akageukia kioo cha mbele, na skrubu zake zilikuwa upande wa pili, amezikaza mwenyewe, tena kwa kujivuna. Kila alipogusa palikuwa pamefungwa, na kila kufuli lilikuwa kazi ya mikono yake.

Jasho likaanza kumtoka. Akapiga kelele. Kelele ikagonga vioo ikamrudia usoni. Ile mipira mipya haikupitisha hata punje ya sauti. Nje mwanga ulikuwa unafifia, na hewa ya ndani ilikuwa tayari imeanza kuwa nzito.

Ndipo akasikia harufu.

Nzuri. Ya kutia njaa…

Mkate wa moto.

Kiti cha kando yake kikabonyea taratibu, kama kinavyobonyea mtu mzima anapokaa.

"Usipige kelele," sauti ikanong'ona. "Hazitoki. Nimejaribu sana."

Koleo aliganda. Hakuna aliyekuwa pale. Kiti kilikuwa kimebonyea na hakuna aliyekuwa pale.

"Wewe… nani?"

"Nilikuwa naoka mikate."

"Mkeo alikuzika!"

"Alimzika aliyetoka." Sauti ilikuwa ya upole, imechoka. "Nilipoingia mimi, humu mlinuka tumbaku. Alikuwapo mwingine. Naye aliniambia haya haya ninayokwambia. Kile kizibo kilinifunga mikono, ndugu yangu. Ulipokitoa, nikaweza kuinyoosha. Anangojwa tu mtu wa kufungua kwa nje."

"Una… unataka nini kwangu?"

"Mwanzoni niliapa sitamfanyia mtu. Niliapa kwa watoto wangu. Lakini kiapo humu ndani kinachoka." Kisha sauti ikashuka chini kabisa: "Nisamehe."

Taa ya gereji ikawaka.

Alikuwa kitinda mimba. Kichwa nusu kimesukwa, nusu bado, taulo shingoni. Midomo yake ilikuwa inacheza lakini Koleo hakusikia neno. Bila shaka alikuwa anasema mama amekasirika. Binti akamwona baba yake nyuma ya kioo, akatabasamu, akaja moja kwa moja kwenye mlango.

"Usifungue!" Koleo akapiga yowe. "Mwanangu, usifungue!"

Akakishika kile kitasa kwa mikono yote miwili, akauvuta mlango kwake.

Binti akavuta. Mlango ukakataa. Akamtazama baba yake amekunja uso, meno nje, amening'inia kwenye kitasa… akaangua kicheko. Huo ulikuwa mchezo wao tangu akiwa na miaka ya kucheza barazani: baba anashika mlango kwa ndani, mtoto anavuta kwa nje, na siku zote baba humwacha mtoto ashinde.

Akaweka mguu kwenye bodi la gari, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Mwache," sauti ikanong'ona sikioni mwa Koleo. "Mtoto anataka kushinda."

Mlango ukafunguka.

Baridi ilipita katikati ya kifua chake kama maji. Kisha akaona mgongo. Shati lake la bluu, lile lenye doa la grisi begani. Upara wake mwenyewe. Mtu alikuwa anashuka garini, akijishika kiuno kama yeye anavyojishika.

Koleo akaruka kumfuata. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na yeye akagonga kitu pale pasipo kitu. Akagonga tena. Akaita. Kinywa kilifunguka, sauti haikuwamo.

"Umeshindwa, Baba!" Binti alikuwa bado anacheka, anahema.

"Nimeshindwa, mwanangu," yule mtu akasema kwa sauti ya Koleo.

Binti akamkumbatia. Kisha akainua uso, amekunja pua.

"Leo hunuki karafuu."

"Nimeoga."

"Tangu lini ukioga inatoka?"

Yule mtu akageuka kufunga mlango, na kwa muda mfupi akatazama kiti cha nyuma, mahali hasa alipokaa Koleo. Midomo yake ikasema neno moja bila sauti. Koleo alilijua hata kabla halijatamkwa.

Kak.

Kesho yake yule mtu alikuja na nyundo, kipande cha mti, na nywele alizozikata kisogoni, chini ya upara. Alikuwa ameanza kulegeza kitasa binti alipoingia.

"Baba! Si ndiye wewe unayetuimbia kila siku, kila kitu kama kilivyotoka kiwandani? Kitasa kimependeza, leo unakitoa?"

Yule mtu akabaki na nyundo mkononi. Baba wa kweli wa huyu msichana asingekitoa. Akakaza kitasa tena, akaiweka nyundo chini.

Jumamosi watu walipiga vigelegele barabarani. Binti aliingia nyuma peke yake, gauni likajaza kiti chote, likamfunika Koleo magoti. Yule mtu akakaa mbele na dereva, hakugeuka hata mara moja. Mlango ukafungwa, vigelegele vikakatika ghafla, wakabaki wawili katika kimya kile.

Binti akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Baba?" akasema polepole, akitazama kiti kitupu. Machozi yakamlenga, na yeye mwenyewe hakujua kwa nini. "Gari linanuka baba."

Mkono wake ulikuwa umelala juu ya kiti, hina imekolea. Ulikuwa karibu sana. Na mikono ya Koleo ilikuwa huru, haina kizibo cha kuifunga… Kungehitajika kuinyoosha kidogo tu, kisha kungoja mtu wa nje afungue mlango.

Akaichomeka mikono katikati ya mapaja, akaibana. Aliibana njia nzima. Ukumbini mlango ulipofunguliwa, kitinda mimba wake akashuka mzima, mwenyewe, na Koleo akalia kwa furaha bila chozi kutoka. Sijui baba gani amewahi kumpa mwanawe zawadi kubwa kuliko ile, na hakuna aliyemshangilia.

Lakini yule mtu naye alikuwa na zawadi yake. Alisimama mlangoni mwa ukumbi, akawatangazia watu wote kwamba gari ni la bibi arusi. Alitaka liende mbali naye.

Sasa linalala uani kwa binti. Mumewe anataka kuliuza, yeye hataki kusikia. Kila asubuhi anafuta viti mwenyewe. Akimaliza hukaa nyuma, huvuta mlango, hufumba macho, hunusa, mpaka mumewe aje kumfungulia. Anasema humo ndani ndimo anapomkumbuka baba yake alivyokuwa zamani, kabla hajawa huyu mzee mkimya anayesimama mbele ya kila mlango akingoja afunguliwe.

Na Koleo hubana mikono yake katikati ya mapaja. Ameapa. Ameapa kwa jina la huyo huyo binti.

Leo asubuhi, mlango ulipofunguliwa, binti aliinuka akashindwa kutoka. Kitu kilikuwa kimemzuia. Akageuka kutazama, akadhani nguo imenasa kwenye kiti, akaivuta.

Koleo naye akatazama. Ulikuwa mkono wake, umeshika upindo wa nguo ya mwanawe, umeshika kweli kweli.

Hakukumbuka kuunyoosha.