Injini Baridi ya Kipanga

Kilichomshtua fundi mwanzoni kilikuwa harufu. Nywele zilizoungua, ndani ya chumba cha injini ambacho hewa yake ilichujwa mpaka haikubaki na harufu hata ya jasho. Alikagua nyaya zote, hakuona kilichoungua. Akajiambia pua imemchezea, akaendelea na kazi.

Alikuwa mgeni melini. Chombo chenyewe kilikuwa cha aina ya Kipanga, mojawapo ya zile meli ndogo za kivita ambazo jeshi la anga za mbali lilijivunia: nyembamba, mabaharia wake wamebanana kama njiti kwenye kiberiti, na mbio ambazo adui hajawahi kuzifikia. Nahodha alikuwa kaka yake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Ni yeye aliyemwombea uhamisho. "Njoo, mdogo wangu," alimwambia. "Nimechoka kula na wageni." Na fundi alikuja mbio, maana kwa kaka huyu, aliyekuwa akimpulizia chai ipoe, asingeuliza mara mbili.

Walipoanza kuzikimbia meli za adui, alisikia hatua. Mtu alikuwa anakimbia peku juu ya bati la meli, nje, mahali ambapo hakuna hewa wala kitu cha kumshika mtu asipeperuke.

Alimfuata rubani, mtu mnene waliyemwita Mdundo, ambaye utani haukumkauka mdomoni.

"Umesikia?"

Mdundo hakugeuka. "Mimi sijasikia. Na wewe hujasikia." Akashusha sauti. "Rudi kazini, dada. Tafadhali."

Alirudi. Akaweka kiganja juu ya injini, kama fundi yeyote anavyofanya kabla ya kufungua kitu cha moto, na kiganja kikakutana na baridi, baridi ya chuma ambacho hakijawahi kuwashwa, ilhali meli ilikuwa inakwenda kasi kuliko kitu chochote kilichoundwa na binadamu. Akafungua kifuniko. Bomba la mafuta lilikuwa kavu, limezibwa kwa madini ya risasi tangu kiwandani, na nyuma ya bomba lile, ndani ya giza ambalo taa yake haikulifikia, mtu alivuta pumzi, akaguna, kisha akasema kwa sauti ya kaka yake, taratibu, kwa mapenzi, "Mdogo wangu, sogea kidogo," na wakati huohuo kaka yake halisi alikuwa anasikika kwenye spika ya ukutani akimwamuru Mdundo akate kushoto.

Alikimbilia kwa tabibu wa meli. Mzee yule alifunga mlango, akamkalisha kitandani.

"Amekusemesha?"

"Nani, baba? Nani yule?"

"Jini. Vipanga vyote viko hivi, mwanangu. Injini ni pambo tu. Jini ndiye anayevuta, na kila nahodha humwahidi mtu wa damu yake. Mama yangu alikuwa akiwatoa majini watu vichwani, kwa hiyo nawajua. Huyu wetu amechoka kungoja."

Fundi alimkodolea macho. "Kaka hawezi."

"Sikiliza. Hawezi kukuchukua mpaka ukubali kwa kinywa chako. Atakuuliza kwa sauti yoyote. Usikubali, hata akikuita kwa sauti ya mama yako."

"Nikikataa?"

Tabibu alitazama mikono yake. "Atamgeukia aliyeahidi."

Fundi alimkuta kaka yake kwenye kiti cha nahodha, mgongo umenyooka, sare imepigwa pasi.

"Ni kweli?"

Nahodha alimwashiria Mdundo atoke. Hakukana.

"Tuna vita," alisema. "Bila mbio hizi wote tungekuwa majivu."

"Kwa nini mimi?"

"Niliwaza sana." Aliongea kwa upole uleule wa miaka yote. "Mwingine yeyote angenilaani. Wewe ungenisamehe."

Kaka angemtukana, fundi angeumia kidogo tu. Lakini neno lile liliingia mahali ambapo alikuwa amemweka yeye peke yake, likapavunja. Fundi aligeuka, akatoka.

Chumbani mwa injini alivunja kizibo cha risasi kwa nyundo, akafungulia mafuta, akaanza kuwasha. Hatua zikashuka batini, zikaingia ndani ya kuta, zikamzunguka, na ile harufu ikawa nzito mpaka akatapika, na sauti ya kaka yake ikalia kama alivyolia siku ya mazishi ya wazazi wao, ikimwuliza, unakubali, mdogo wangu, sema tu unakubali, huku mkono wa fundi ukiteleza kwenye swichi na cheche zikikataa kushika.

"Sikubali!"

Injini ikanguruma. Hatua zikageuka, zikakimbilia mbele ya meli. Kwenye spika akasikia yowe moja, kisha kimya.

Adui walikuwa wameshaachwa mbali nyuma. Kipanga ilijikokota hadi bandarini kwa moto wake yenyewe, na kiganja chake kilipogusa bati lenye joto, fundi alilia.

Nahodha walimtoa kitini akiwa hai. Anapumua, macho wazi, haongei. Tabibu alibaki ndani akikusanya dawa zake. Pale gatini, muuguzi wa bandari alikuja na machela, ana haraka.

"Nani ndugu yake? Bila ndugu hatumpokei."

Mabaharia walitazamana. Fundi alimwangalia mtu yule aliyemlea, mate yakimtoka pembeni ya mdomo, na hasira yake ikakosa pa kusimama.

"Mimi," alisema.

"Unakubali kumchukua, awe mikononi mwako?"

"Nakubali."

Kichwa kikageuka juu ya machela. Macho yakamtazama kwa upole.

"Asante, dada," kinywa cha kaka yake kikasema, kinywa ambacho maisha yote kilimwita mdogo wangu. "Alisema ungekubali."