Ngumi ya Mzee Xaveri

Luisa alikuwa ameinamia mafungu ya usipa, wale dagaa wa ziwani, sokoni Mbinga aliposikia sauti nyuma yake ikiuliza bei ya maharage. Damu ikamchemka kabla hata hajageuka. Daniel, mchumba wake, ambaye simu zake alikuwa hazipokei wiki nzima, alisimama pale amevaa shati la kitenge la bluu ambalo Luisa mwenyewe ndiye aliyemshonea.

"Livue," alisema Luisa.

"Hapa sokoni, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Mpenzi gani anampeleka baba mkwe polisi?"

Muuzaji wa usipa akaacha kazi, akasikiliza. Na cha kusikiliza kilikuwepo. Daniel ni afisa ustawi wa jamii, mtu wa Singida aliyehamishiwa huku. Alikwenda Liparamba kuwasalimu wakwe, akamkuta mama mkwe, Mama Benadetha, mdomo umepasuka. "Mume wangu ananipiga akiwa usingizini," mama akamwambia. Kazini kwake Daniel amesikia visingizio vya kila namna, hakuuliza la pili. Akapiga simu dawati la jinsia, na Mzee Xaveri, mwenyekiti wa jumuiya, akapandishwa gari la polisi huku kijiji kizima kinatazama.

"Ungeniuliza mimi kwanza," Luisa alisema.

"Ningekuuliza, ungenijibu nini?"

Hapo alimgusa pabaya. Luisa aliwahi kuuona mdomo ule umevimba, siku ya Pasaka, akanyamaza. Baba ambaye hajawahi kumchapa mtoto hata kofi, leo ageuke hivi uzeeni? Alijiuliza, akaogopa jibu. Aibu hiyo ndiyo iliyomzidishia hasira.

"Wamemwachia kwa sharti asirudi nyumbani," alisema. "Mimi nina chumba kimoja, nalala na cherehani. Wewe unayemjua baba yangu kuliko mimi, mchukue. Mlale chumba kimoja, umchunge huyo mkatili wako."

Alisema kwa kumkomoa tu. Daniel akamtazama, kisha akauliza, "Yuko wapi?"

Kesho yake Daniel akapiga simu kutoka nyumbani kwake.

"Luisa, usikate. Maharage yameungua jikoni, nyumba nzima inanuka. Mzee kakaa pembeni ya jiko, hana habari."

"Sasa unamsimanga?"

"Nauliza tu, mama. Pua yake imeacha kunusa tangu lini?"

Luisa akakata. Lakini alikumbuka kwamba baba, mkulima wa kahawa, siku hizi anakunywa kahawa ya mama bila kuisifia harufu. Walidhani ni kiburi cha uzee.

Siku mbili baadaye Daniel aliingia kwenye banda la ushonaji la Luisa, jicho moja limevimba mpaka limefumba.

"Nani kakufanya hivyo?"

"Baba yako. Alikuwa amelala fofofo, ndotoni anafukuza nguruwe pori kwenye mahindi. Nikamsogelea nimwamshe. Nguruwe nikawa mimi."

Luisa hakucheka. "Mama alikwambia."

"Aliniambia. Sikumwamini."

"Kamwambie hivyo."

"Nimeshampigia. Kanitukana kwa kilugha. Sikuelewa, ila nilistahili." Akavuta kigoda. "Tumetoka hospitali. Daktari kamtembeza, akaona mkono mmoja hauchezi anapotembea. Anasema mtu akiota, kuna sehemu chini kwenye ubongo inayoufunga mwili utulie. Ya Mzee imeharibika. Ni ugonjwa wa Parkinson, Luisa. Kwa wengine usingizi unavurugika na pua inaacha kunusa miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka."

"Unapona?"

"Hauponi. Dawa za kumsaidia zipo."

Luisa akautupa mkasi mezani. Alikuwa amemkasirikia Daniel, polisi, majirani, hata baba mwenyewe. "Sasa huo ugonjwa nitaugombeza vipi?" akasema, akalia kwa hasira. Daniel alijua asimguse.

Alipomaliza akajifuta kwa kitambaa. "Jumapili utakwenda Liparamba. Watu wakitoka misa, wale wale waliomwona akipandishwa gari, utawaambia ulikosea."

"Nitawaambia."

"Kwa sauti."

"Kwa sauti, mama. Na polisi nitakwenda nieleze. Ila Mzee anaogopa kurudi kwa mkewe. Hakujua kabisa kwamba anampiga. Alipoliona jicho langu alilia. Nimewaza tuwanunulie kitanda cha pili."

"Mama hatakubali kulala mbali naye."

"Basi viwe karibu, ngumi isifike."

Luisa akavua shingoni futi yake ya kupimia nguo. Urefu wa mkono wa baba yake anaujua kwa kichwa, mashati yake yote anashona yeye. Akaikunjua kwa urefu huo mpaka begani kwa Daniel, akaongeza kidogo, akaibana kwa kidole.

"Acheni nafasi hii kati ya vitanda. Akirusha ngumi hamfikii. Lakini wakiwa macho, kila mmoja akinyoosha mkono wake, watashikana."

Daniel akaitazama futi, kisha yeye. "Na sisi?"

"Pete ya uchumba niliyoivua iko kwenye droo ya cherehani. Itoe mwenyewe," alisema Luisa, akimnyooshea kidole cha pete. "Mimi bado nina hasira."