Santuri ya Kwanza

Siku ya gulio hoteli ya Mama Stefania pale Korogwe ilijaa mpaka mlangoni, ndipo Zamda akalazimika kukaa meza moja na kijana asiyemjua. Yeye alivaa gauni la maua mekundu. Kijana, suruali ya bugaluu iliyofagia sakafu. Gramafoni ilipiga "Treni ya Mombo" ya Luengera Jazi.

"Makelele matupu," kijana akasema. "Kwangu, kwa utamu, hii ndiyo ya mwisho katika santuri zao zote. Mwimbaji wao Kudra alijua kuimba alipoiacha bendi akawa peke yake. Ya kwanza ni 'Kitanda cha Kamba'."

"Weye! Kile kilio cha mwenye njaa? Hicho ndicho cha mwisho! 'Treni ya Mombo' ndiyo ya kwanza."

"Dada, hayo ni masikio au mapambo?"

Zamda akacheka mpaka chai ikampalia. Kijana aliitwa Rehani, mtoto wa manamba wa mkonge huko Mazinde. Kila gulio walizipanga upya santuri za bendi na za Kudra peke yake, wasipatane, na ubishi ukazaa mapenzi.

Mzee Mhina, baba yake Zamda, hakutaka kusikia. "Mtoto wa manamba? Babu yake nani anamjua?" Mara malori ya serikali yakaja Sindeni, kwao Zamda, kuwahamishia watu kijiji cha ujamaa. Baba yake Rehani naye alikuwa amestaafu, anarudi kwao Kigoma.

"Huko hata basi halifiki," Rehani alimwambia Zamda stendi. "Ukishambembeleza mzee, jibu lake nitalipataje, mpenzi?"

"Nitatuma salamu redioni. Akikubali, naomba santuri ya kwanza. Akikataa, ya mwisho."

"Nikisikia ya mwisho, napanda treni na baba. Sitaweza kukaa hapa nikikuona unaolewa."

Kondakta akagonga bati, wakaachana.

Zamda alilia, akasusa chakula, hadi bibi yake akaingilia kati. Mzee Mhina akasema, "Haya, waje." Kwa furaha Zamda akaomba "Kitanda cha Kamba", ile aliyoipenda Rehani. Sasa angekuwa mkewe. Ubishi wa nini tena?

Jumapili redio ya kijijini ikayataja majina yao, wimbo ukapigwa. Zamda akafagia uwanja, akangoja washenga. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, hakuna aliyekuja.

"Manamba ni manamba," baba yake akasema, na Zamda, kwa uchungu, akakubaliana naye.

Baada ya mavuno alipata lori la kumfikisha Korogwe. Mama Stefania akamkumbatia. "Pole, mwanangu. Baba yako ana moyo wa jiwe."

"Baba alikubali!"

Mama Stefania akaliweka birika chini. "Rehani alisikilizia redio hapa hapa. Ilipolia 'Kitanda cha Kamba' akainamia meza, akalia. 'Amekataa, mama. Hiyo ndiyo ya mwisho.'"

"Kwake ilikuwa ya kwanza!"

"Ilikuwa. Ulipohama, kila siku alitaka ile 'Treni ya Mombo' ya bendi. Akasema, Zamda alisema kweli, Kudra bila wenzake si kitu."

Zamda akashika ukingo wa meza. "Yuko wapi?"

"Kigoma. Wamekwisha kumwoza mke." Mama akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mlipendana mno, kila mmoja akamwachia mwenzake ushindi. Nikuwekee ipi, mwanangu?"

"Usiweke yoyote, mama," Zamda akasema, akakaa pale pale alipokaa siku ile ya kwanza.