Chumba Ambacho Penina Hakulala

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Penina alipita jikoni kunywa uji wa uwele uliopikwa na bibi yake, Bibi Loisi. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya hoteli ya familia, pale Miyuji, jijini Dodoma. Kutoka jikoni waliwasikia wahudumu wakicheka huku wakianika mashuka.

Bibi Loisi alikuwa ameanza na chumba kimoja tu cha uani, alichowapangishia watumishi waliohamia Dodoma. Baadaye akaongeza cha pili na cha tatu. Kisha ikajengwa nyumba ya wageni karibu na Kolo, kwa wanaokwenda kutazama michoro ya miambani. Baba mdogo Charles akafungua hoteli Kigali, na shangazi Evodia akafungua nyingine Lusaka. Sasa pale Miyuji lilikuwa limekamilika jengo jipya la ghorofa.

Familia hii ilikuwa na desturi iliyowachekesha majirani. Hakuna mgeni aliyelala katika chumba kipya kabla mmoja wa familia hajalala humo, akaoga humo, na kujaribu kila bomba na kila kitasa. Kule Kigali, Charles alihama chumba hadi chumba kama mtu anayekimbia kunguni. Safari hii Penina, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alipewa chumba chake cha kwanza. Baba yake, Yotham, angelala chumba cha jirani.

"Na uoge," baba alimkumbusha. "Kuoga hasa, siyo kunawa uso."

"Sawa, baba."

Tuseme ukweli, chumba kilinuka rangi na runinga ilikuwa bado haijaunganishwa. Nyumbani, tamthilia aliyoipenda ilikuwa inafikia mwisho. Baba alipofunga mlango wake, Penina akanyata hadi nyumbani, akatazama tamthilia, kisha akalala kitandani kwake. Alfajiri alirudi chumbani. Akavuruga mashuka, akalowesha taulo na sabuni kwenye sinki. Kwa mtoto mvivu wa kuoga, alijituma kweli kweli.

"Chumba kikoje?" baba aliuliza.

"Kiko sawa, baba. Kila kitu."

Baba alimshika bega kwa fahari. "Basi na wewe sasa ni mwenye hoteli."

Mgeni wa kwanza wa chumba kile alikuwa Bibi Paskazia, rafiki wa Bibi Loisi tangu usichana wao. Alitoka Bahi na mfuko wa mchele mpya, akapokewa kwa vigelegele. Jioni aliingia bafuni kuoga. Maji hayakuondoka. Yalijaa taratibu juu ya vigae, na alipogeuka kuchukua taulo aliteleza, akaangukia mkono. Mfupa ukavunjika.

Waliporudi kutoka hospitali, maji yalikuwa yameshanywea, sakafu imebaki na unyevu tu. Yotham alimwita Restuta, mhudumu aliyesafisha chumba kile, mbele ya wafanyakazi wote.

"Umeacha sakafu ina maji!"

"Bosi, niliikausha kwa mikono yangu. Labda bomba la kutolea maji lina shida."

"Binti yangu ameoga humo. Lingekuwa na shida angesema. Kesho usije kazini."

Restuta alimgeukia Penina. Ni yeye aliyekuwa akimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, huku akitandika vitanda. "Mwanangu, wewe ulioga mle. Maji yaliondoka?"

Penina angeweza kusema ukweli pale pale. Lakini baba alikuwa anamtazama kwa macho yale yale ya fahari.

"Yaliondoka," alisema.

Kesho yake Restuta alileta sare yake ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Aliiweka mapokezi, akaondoka bila kuaga. Penina alimwona akipita getini, na uji ukamshinda kumeza.

Mchana aliagizwa ampelekee Bibi Paskazia chakula. Alimkuta chumbani kwa Bibi Loisi, kitandani, mkono umefungwa plasta, Bibi Loisi ameketi pembeni yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Usinitazame hivyo, ni uzee tu. Labda sikuangalia ninapokanyaga."

Yeye aliyeumia alikuwa anajilaumu! Penina aliweka sahani chini, akaanza kulia. "Siyo wewe, bibi. Siyo anti Restuta pia. Mimi sikulala kile chumba. Sikuoga. Nilidanganya."

Bibi Loisi alimwita Yotham, wakaenda wote watatu hadi bafu la chumba kile, akafungua maji. Muda si mrefu yakafika vifundoni. Fundi alipoitwa, alitoa kwenye bomba bonge la saruji lililoachwa na waashi.

Yotham alisimama akilitazama bonge lile. Hakumgombeza Penina, na hilo lilimuuma Penina zaidi ya viboko.

Jioni ile baba na binti walikwenda nyumbani kwa Restuta kumwomba radhi. Restuta aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nitarudi," alisema. "Lakini bosi, ulinifukuza mbele ya watu. Hayo maneno uyaseme mbele ya watu hao hao."

Kesho yake Yotham aliyasema mbele yao, na Penina naye akasema yake. Restuta akavaa sare yake. Tangu siku hiyo alimwita Penina kwa jina lake. Neno "mwanangu" hakulisema tena.

Penina aliomba alale kile chumba, na safari hii alilala kweli. Alioga, akajaribu kila bomba, akagundua dirisha halifungiki vizuri. Asubuhi alimweleza baba yake yote.

"Asante," baba alisema. Kisha akageuka. "Restuta, tafadhali nenda kaangalie."

Penina alikimbilia jikoni kwa Bibi Loisi. "Baba haniamini tena," alisema huku akilia.

Bibi Loisi alimmiminia uji, akaketi karibu naye. "Mjukuu wangu, mgeni wa Kigali hanijui. Wa Lusaka hanijui. Wanalala usingizi kwa sababu mmoja wetu ametangulia kulala pale na amesema kweli. Hicho ndicho kilichotufanya tukue, siyo matofali. Na kwa sababu neno letu linaaminiwa, uongo wako ulimfukuzisha kazi mtu aliyesema kweli. Mkono wa Paskazia utapona, ingawa hautakuwa kama zamani. Hilo utaishi nalo."

"Baba ataniamini lini?"

"Sijui. Umesema kweli kuhusu chumba kimoja," alisema Bibi Loisi. "Hata mimi nilianza na kimoja. Kunywa uji, uende shule."