Mlima Aliokatazwa Halvard

Mvua ya mji wa Bergen ilikuwa imewasonga watu kituoni, makoti yakichuruzika maji. Marit alimwona mwanamume mrefu, skafu nyekundu shingoni, akiikimbilia tramu. Milango ikamfungia usoni. Akajibwaga kwenye benchi, akihema.

"Pole kaka. Ipo nyingine nyuma," Marit akamtania.

"Nyuma yangu mimi hakuna kitu, dada," akajibu, wakacheka.

Jina lake Halvard, fundi wa piano, mjane aliyempita Marit miaka mingi. Aliposikia kwamba Marit ni mkufunzi wa mazoezi, wiki hiyo hiyo akajiandikisha kwake. Marit akamkalisha, akamuuliza anatafuta nini, analala vipi, anaumwa wapi, nani nyumbani atamtia moyo.

"Nataka kupanda mlima Ulriken kwa miguu yangu. Nyumbani hakuna mtu. Labda unitie moyo wewe."

Marit akamwanzisha polepole kwa ngazi na vyuma vyepesi. Simu nazo zikaanza.

"Umekula nini leo?"

"Samaki na viazi, bosi wangu."

"Siagi je?"

"Hilo usiniulize, mpenzi."

Walibusiana mara ya kwanza chini ya mwavuli mmoja.

Novemba, katikati ya zoezi, Marit akamwona midomo imebadilika rangi. Akamshika mkono kumpima mapigo, yalikwenda ovyo.

"Acha. Sikufundishi tena mpaka daktari akuone."

"Sema tu umenichoka."

"Naogopa, Halvard."

"Unaogopa kuonekana na mzee!" Akavaa koti, akaondoka. Tangu hapo hakupokea simu.

Giza likawa linaingia mapema, na Marit akijiuliza kama angepaswa kusema kwa upole zaidi. Hatimaye simu ikalia.

"Marit? Niko hospitali. Nilianguka dukani. Vali ya moyo imechakaa. Njoo, mpenzi. Nisamehe."

Alimkuta amekonda, gauni la hospitali likimpwaya.

"Watanipasua. Lakini mlima basi, nimekatazwa maisha yangu yote."

"Tutatembea tambarare."

"Nataka kukuoa, Marit. Ila siwezi kukuahidi kwamba tutazeeka pamoja."

Marit alimwogopa sana mtu huyu, jinsi angeweza kumwachia nyumba tupu.

"Mjinga wee," akasema, machozi yakimtoka. "Sogea huko nikae."

Walioana Januari. Upasuaji ulikuwa umemwacha hana nguvu, bwana harusi akala kiapo akiwa kitini, na Marit akapiga magoti na gauni lake jeupe ili nyuso zao zilingane.